Kioo cha usalama hupimwa baada ya kupasuka

Wengi wakisikia kwamba kioo kimefaulu jaribio la kuzuia wizi, hudhani hakivunjiki. Hakuna kioo cha namna hiyo. Maabara huvipasua vyote, na swali letu ni moja: aliyekipasua akiendelea kukipiga, atachelewa kiasi gani kupata pa kupenya?

Anayemchelewesha ni utando wa plastiki uliobanwa kati ya vioo viwili au zaidi, aghalabu polivinili butirali, unaopangwa kwa tabaka za milimita 0.38. Vipande vya kioo hubaki vimeng'ang'ania utando huo, nao hunyumbuka bila kuachia. Kioo kilichotiwa nguvu kwa joto tu ni kingine kabisa. Ni kigumu kukivunja, lakini kikishavunjika huwa chembechembe na kuporomoka chote, na dirisha likabaki wazi. Wanunuzi huvichanganya hivi viwili mno.

Kipimo cha Ulaya, EN 356, huanza na tufe la chuma la kilo 4.11 linaloachiwa lianguke juu ya kioo kilicholazwa, chenye milimita 1100 kwa 900. Huangushwa mara 3, kila mara pahali pake karibu na katikati. Daraja la P1A hupimwa kutoka mita 1.5, P2A mita 3, P3A mita 6 na P4A mita 9. P5A haipandi juu zaidi. Ni mita 9 zilezile, ila tufe huanguka mara 9. Likipenya lote ndani ya sekunde 5, kioo kimeshindwa. Kufaulu kwa kipande kimoja hakutoshi: hujaribiwa vitatu, na vyote sharti vifaulu.

Kuanzia P6B tufe huwekwa kando, huletwa shoka. Kisogo chake hupasua kioo, kisha makali hukata utando mpaka lipatikane tundu la milimita 400 kwa 400. Mapigo 30 hadi 50 ni P6B, 51 hadi 70 ni P7B, zaidi ya 70 ni P8B.

Majaribio haya hufanywa katika joto la nyuzi 18 hivi. Utando huo hulainika kwenye joto kali, kwa hiyo kwa ukuta unaochomwa na jua mchana kutwa muulize mtengenezaji kabla ya kuagiza.

Kisha kuna fremu, ambayo kwa maoni yangu husahauliwa kuliko yote. EN 1630 hushambulia dirisha zima: mtu halisi, zana mkononi, saa ikihesabu. Daraja la RC2 lazima lihimili dakika 3 za bisibisi, koleo na kabari. Katika RC3 huongezwa mtaimbo na muda huwa dakika 5. RC2 hudai kioo cha P4A. Ila cheti kikiandikwa RC2 N, herufi hiyo ya mwisho ina maana kwamba hakuna daraja lolote la kioo lililodaiwa, na dirisha laweza kuwa na kioo cha kawaida.