Haluli hupimwaje? Mfano wa sanamaki

Haluli ni dawa ya kulainisha choo au kuendesha. Kuipima ni kuuliza mambo mawili: inasogeza choo kiasi gani, na kwa kipimo gani inaanza kudhuru. Swali la kwanza peke yake halitoshi. Hata chakula kilichooza kinaendesha.

Tuchukue sanamaki, majani makavu yanayochemshwa kama chai. Maabara huanza na panya. Hupewa loperamaidi, dawa ya kuzuia kuhara, mpaka wafunge choo, kisha hugawanywa: kundi moja hunywa maji matupu, jingine haluli inayojulikana, na mengine dawa inayochunguzwa, kwa vipimo vinavyopanda. Chini ya kila kizimba hutandikwa karatasi nyeupe. Mtafiti anahesabu punje za kinyesi, anazipima uzito, anazikausha na kuzipima tena ili ajue zilibeba maji kiasi gani. Kazi ya harufu, lakini ndiyo inayotenganisha choo kilicholainika na kuharisha. Na bila kundi la maji, hakuna ajuaye kama panya walipona kwa dawa au kwa sababu loperamaidi iliisha mwilini.

Kipimo kingine ni kuwalisha panya mkaa uliosagwa, kisha kuwapasua kuona weusi umefika wapi kwenye utumbo mwembamba. Kwa sanamaki kinaweza kupotosha. Viini vyake, sennosaidi, hupita huko bila kuvunjwa. Bakteria wa utumbo mpana ndio huvigeuza kuwa kemikali inayousukuma utumbo na kuuzuia kunyonya maji. Ndiyo maana ukiinywa usiku, kazi yake unaiona asubuhi, baada ya saa 6 hadi 12.

Kwa binadamu, watu wanaopata choo chini ya mara 3 kwa wiki hugawanywa kwa kura: hawa dawa, wale kidonge kitupu, pasipo mtu kujua kapata kipi. Huandika wamekwenda mara ngapi na umbo la choo kwa kipimo cha Bristol: 1 ni vigololi vigumu, 7 ni maji. Dawa nzuri humfikisha mtu 3 au 4. Ikimfikisha 7 imepitiliza, hata kama anafurahi kwamba "imesafisha tumbo". Hapo ndipo potasiamu ya damu nayo hupimwa, maana kuharisha sana huipunguza.

Kidonge cha sanamaki kilichomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kina miligramu 7.5 za sennosaidi. Fungu la majani halina uhakika huo, na chai iliyokaa sana na majani yake hukolea zaidi.