Fundi wa gereji, hela ya spea ni amana ya mteja

Magari Dodoma yameongezeka sana tangu Serikali ihamishie makao yake hapa, na zaidi baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa Jiji mwaka 2018. Watumishi wanakwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na kurudi kila siku, malori na mabasi yanapita kuelekea Singida, Iringa na Babati, bajaji zimejaa mitaani. Kazi ya ufundi ipo. Lakini katika ushauri tunaoutoa kwa wenye gereji ndogo, mara kwa mara tunamkuta fundi hodari, uwanja umejaa magari, na bado kodi ya eneo inamshinda. Tukifuatilia, kwa kawaida fedha zote zinaingia mfuko mmoja.

Tuseme mteja amelipa shilingi 250,000: shokapu mbili 200,000, ufundi 50,000. Kabla fundi hajafika dukani, nyumbani wanahitaji ada. Anachomoa 80,000 akitegemea gari la kesho lizibe pengo. Gari la kesho haliji. Mwishowe ananunua shokapu zilizotumika, au anampiga mteja kalenda: "Njoo Ijumaa, bosi." Mteja huyo hatarudi, na ofisini kwake atawasimulia wenzake.

Hela ya spea ni amana. Iweke kwenye laini ya simu inayojitegemea, au mteja alipe mwenyewe dukani. Baada ya kazi mkabidhi risiti pamoja na spea kuukuu iliyotolewa kwenye gari lake, hata kama hajaiomba. Ni jambo dogo, lakini kwa uzoefu wetu hakuna tangazo linalolishinda.

Hela ya ufundi nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo mafundi wengi wanajidhulumu. Jumlisha gharama za mwezi: kodi 200,000, mlinzi 100,000, umeme na maji 70,000, leseni na ushuru ukivigawa kwa mwezi 30,000, vijana wawili 600,000, na mshahara wako mwenyewe 500,000. Jumla ni 1,500,000. Ikiwa ninyi watatu mnafanya saa 250 za kazi inayolipiwa kwa mwezi, maana muda wa kusubiri spea na kutafuta wateja haulipwi na mtu, kila saa inakugharimu 6,000 kabla ya faida. Klachi iliyokuchukua saa sita ina gharama ya 36,000. Ukiifanya kwa 30,000 kwa sababu jirani anafanya hivyo, umemlipia mteja 6,000. Weka mshahara wako kwenye hesabu hiyo bila aibu; asiyejilipa huishia kuchota.

Kila gari lifunguliwe kadi ya kazi: namba ya gari, kilomita, malalamiko ya mteja, kilichofanyika, spea zilizofungwa na bei. Daftari la kawaida linatosha. Kwa vumbi la kiangazi chetu, eakilina (chujio la hewa ya injini) huziba mapema, na barabara za pembezoni hazina huruma kwa bushi na bolijointi za miguu ya gari. Ukiwa na kilomita za mteja unaweza kumkumbusha kwa simu kabla gari halijamharibikia njiani, na mvua za Desemba zikikaribia unamwita akague brekipedi, waipa na tairi. Kadi hiyo iandike pia aina ya oili ya giaboksi. Magari mengi madogo ya Kijapani siku hizi yana giaboksi ya CVT, aina ya otomatiki yenye oili yake maalumu, na kuiwekea ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ni kuiua.

Rekodi hizo ndizo zitakazokufungulia kazi za shule, asasi na kampuni, ambazo zinadai ankara, namba ya mlipakodi (TIN), leseni na risiti ya mashine ya kodi (EFD). Matengenezo ya magari ya Serikali yako chini ya TEMESA, wakala wa Serikali wa ufundi na umeme, na zabuni za taasisi za umma hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, hivyo usijenge mipango yako juu ya ahadi ya mdomo ya dereva. Fundi aliyejifunzia kazini bila cheti aulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi, yaani kupimwa ujuzi alionao na kupewa cheti.

Oili chafu isimwagwe chini. Jiji hili linakunywa maji ya visima, vikubwa vikiwa vya Makutupora. Ikusanywe kwenye pipa lenye mfuniko na ichukuliwe na mwenye kibali.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Ushauri wetu ni kwamba usiombe kabla hujawa na rekodi za angalau miezi mitatu, maana bila hizo hutajua rejesho litatoka wapi. Ukiupata mkopo, anza na mashine ya kupima kompyuta ya gari. Lifti ya kunyanyulia magari isubiri hadi uwe na eneo lenye mkataba ulioandikwa, kwa sababu ukihamishwa hutaweza kung'oa sakafu ya zege uliyoijenga.