Kila kifaa kinamngoja mwenzake: dhana potofu kuhusu utegemezi wa mviringo kwenye draiva za Linux

Washa bodi ndogo yenye Linux ya karibuni, kisha fungua dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha Linux. Huenda ukakuta mstari unaosema "Fixed dependency cycle(s) with" ("utegemezi wa mviringo umerekebishwa na"), na jina la kifaa mbele yake. Wengi wakiuona huanza kuishuku bodi, wengine hurudi kwenye kerneli ya zamani. Kuna mambo kadhaa hapo yanayoeleweka vibaya, na yanawapotezea watu siku nzima za kazi.

Dhana: mstari huo ni hitilafu.

Si hitilafu. Tangu 2021 Linux huja ikiwa imewashiwa utaratibu wa fw_devlink, kazi ya Saravana Kannan wa Google. Kabla draiva, programu zinazoendesha vifaa, hazijaanza, utaratibu huu husoma mti wa vifaa, yaani faili inayoieleza kerneli kilichomo kwenye bodi, na kupanga foleni: anayepewa umeme au saa, yaani mapigo ya umeme yanayoziendesha saketi, hukaa nyuma ya anayempa. Utaratibu huo ukikuta vifaa viwili ambavyo kila kimoja kinamtaja mwenzake, yaani mviringo, hauwezi kujua kipi kitangulie. Basi huacha kulazimisha foleni baina ya hivyo viwili, huandika ule mstari, na kuziachia draiva zenyewe zipatane. Neno "fixed" ndilo linalochanganya. Hakuna kilichotengenezwa, kerneli imelegeza kamba tu.

Dhana: mviringo ni uzembe wa aliyeandika mti wa vifaa.

Mara nyingi ni kinyume chake. Paneli ya skrini na kidhibiti chake cha DSI, njia ya data ya skrini, huunganishwa kwa nodi za ncha zinazoelekezeana, huku na huku. Kamera na kipokezi chake cha CSI, njia ya data ya kamera, ni hivyohivyo. Ukiandika upande mmoja tu, dtc, programu inayokusanya mti huo, itakuonya kwamba muunganisho si wa pande mbili. Kwa hiyo mviringo wa namna hii umeagizwa na kanuni.

Aina ya pili inafundisha zaidi, na ningependa tukae hapo kidogo. Chukua Snapdragon 845 ya Qualcomm, chipu iliyomo kwenye simu kama Pixel 3 na OnePlus 6. Ndani yake kuna kidhibiti kinachogawa saa kwa sehemu zote za onyesho. Kuna pia PHY ya DSI, saketi inayosukuma data kwenda kwenye skrini. PHY inataka saa ya AHB, njia ya ndani ya chipu, kutoka kwa kidhibiti, maana bila saa hiyo rejista zake, vijisanduku ambavyo draiva huandikia amri, hazisomeki wala haziandikiki. Kidhibiti nacho kinataka saa ya baiti na ya pikseli, na hizo huzalishwa na PLL, saketi ya kutengeneza saa, iliyo ndani ya PHY hiyohiyo. Nipe nikupe. Ukiandika kwenye mti kwamba huyu anamtegemea yule na yule anamtegemea huyu, unasema kweli tupu, na umeshachora mviringo.

Lakini fuata nyaya zenyewe. Saa ya AHB haipiti kwenye PLL hata kidogo. Inashuka kutoka vyanzo vingine, inaingia PHY, PHY inaamka, inawasha PLL, na PLL inarudisha saa ya pikseli kwa kidhibiti. Njia ni moja, ina mwanzo na mwisho, ila inapita mara mbili kwenye nyumba ileile. Tukihesabu nyumba tunaona mviringo. Tukihesabu nyaya hatuuoni. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha suala zima: mviringo mwingi kwenye draiva unatokana na kupima utegemezi kwa kipimo kikubwa mno, kifaa kizima kwa kifaa kizima, wakati kinachohitajiwa ni saa moja tu, kwa hatua moja tu.

Mfumo wa saa wa Linux unalijua hilo. Saa ikisajiliwa kabla mzazi wake hajafika, haikataliwi. Huwekwa kwenye orodha ya mayatima (kodi yenyewe inatumia neno la maana hiyo), na mzazi akijitokeza inaunganishwa naye. Ndiyo maana kidhibiti kile kinaweza kuanza na kutoa AHB ilhali PLL bado haipo. Mayatima waliobaki utawaona kwenye /sys/kernel/debug/clk/clk_orphan_summary.

Dhana: rudisha EPROBE_DEFER tu, kerneli itamaliza yenyewe.

Msimbo huo, namba 517, uliingia Linux 3.4 mwaka 2012. Draiva huutumia kusema "bado, nijaribu baadaye". Hiyo "baadaye" ina sharti, na hapo ndipo watu wanapokwama: orodha ya walioahirishwa hujaribiwa tena pale draiva nyingine inapofanikiwa kushika kifaa chake. A ikimngoja B na B ikimngoja A, hakuna anayefanikiwa, kwa hiyo hakuna wa kuwaamsha. Skrini inabaki nyeusi, na katika dmesg huenda usione hata neno la malalamiko. Angalia /sys/kernel/debug/devices_deferred, waliokwama wamo humo.

Hatari ya upande wa pili ni mbaya zaidi. Draiva ikisajili vifaa watoto, kisha ikarudisha EPROBE_DEFER, kule kufanikiwa kwa watoto kunaamsha orodha, draiva inaitwa tena, inasajili watoto tena, inaahirisha tena, bila kikomo. Nyaraka za kerneli zinakataza jambo hilo waziwazi, hata kama watoto hao unawaondoa kabla ya kutoka.

Kupandisha draiva ngazi ili ianze mapema zaidi, kutoka module_init hadi subsys_initcall, hakusaidii pia. Unabadilisha nani aanze kungoja. Wala msichanganye haya na moduli, vipande vya kodi vinavyopakiwa kwenye kerneli: depmod, programu inayoorodhesha utegemezi wa moduli, ikilalamika kuhusu mzunguko, maana yake moduli mbili zinaitana kazi, na dawa ni kuziunganisha au kuhamishia kodi ya pamoja kwenye moduli ya tatu. Vifaa havihusiki.

Dhana: lazima mmoja aachwe nje.

La. Gawa kazi ya kuanza iwe hatua mbili: kwanza jitangaze, kisha ndipo umtafute mwenzako. Kwenye DSI, draiva ya kidhibiti inapaswa kuita mipi_dsi_host_register ndani ya probe, kazi inayoitwa draiva inapoanza kushika kifaa, kabla ya kuuliza paneli iko wapi. Mwenyeji anafungua mlango kwanza. Mgeni atapiga hodi wapi ikiwa nyumba haijafunguliwa? Paneli ikishajiunga, ndani ya mwito wa attach, ndipo kidhibiti kinaita component_add kujiandikisha. Mfumo huo wa component, ulioandikwa na Russell King na kuingia kerneli mwaka 2014, hungoja wote wafike, kisha huwafunga pamoja kwa mpigo mmoja. Kamera zina utaratibu wao wa v4l2-async wenye wazo lilelile.

Na tangu 2024 mwandishi wa mti wa vifaa naye ana la kusema. Sifa ya post-init-providers inataja watoaji ambao kifaa hakiwahitaji ili kianze. Kerneli ikijua hilo, haikisii tena, na inabakiza foleni upande ulio sahihi.

Dhana ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi: skrini imewaka, basi kazi imekwisha. Foleni ileile hutumika mfumo unapolala na unapoamka. Kiungo kilicholegezwa kwa sababu ya mviringo hakipangi tena nani azimwe kwanza, hivyo kifaa kinaweza kunyang'anywa saa huku draiva yake ingali inaandika rejista. Ukikutana na ule mstari wa dmesg, ilaze bodi kwa `echo mem > /sys/power/state`, iamshe, na urudie mara kadhaa huku skrini na kamera zikifanya kazi.