Je, wajua kwa nini paka wa ndani huchomoka jioni, na jinsi ya kumzuia?

Aliyefuga paka wa ndani Mwanza anaijua saa hiyo. Inakaribia saa 1 jioni, mtu anarudi kazini na mifuko mikononi, kitasa kinazunguka, na kitu chenye manyoya kinapita katikati ya miguu. Ukigeuka, yuko juu ya jiwe la uani kwa jirani, anajilamba.

Wengi humwita hana shukrani: anashibishwa, bado anakimbia. Njaa haihusiki sana. Paka huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, saa ambazo panya nao wanahangaika, na mchana kutwa hulala. Mwanza iko karibu na ikweta, nyuzi 2 na nusu hivi kusini, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama karibu saa ileile. Saa yake ya kuwinda na saa ya watu kurudi nyumbani zinagongana kila siku, Januari mpaka Desemba. Kisha kuna upepo wa ziwani, ambao mchana huvuma kuelekea nchi kavu. Nyumba za karibu na mwalo wa Kirumba, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, huletewa harufu ya dagaa hadi sebuleni. Na zile siku wadudu wa ziwani wanapojaa kwenye taa ya barazani, paka aliye ndani anaona sinema nzima kupitia kioo.

Kwa hiyo anza nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa. Saa 12 na nusu hivi, aliyepo nyumbani afunge kitambaa kwenye kamba na kumchezesha kwa dakika 10 hadi 15. Kiburute kikimkimbia, kijifiche nyuma ya kochi, kitulie, kichomoke tena. Ukimsogezea usoni anaboreka, kwani hakuna panya anayemfuata paka. Mwache akikamate mara kadhaa, ndipo umpe chakula. Mpangilio wake wa asili ni kuwinda, kula, kujilamba, kulala. Ukianza na chakula, nguvu ya kuwinda inabaki na itaishia mlangoni. Dagaa wakavu waloweke kwanza na uwasuuze mara mbili tatu, maana walioanikwa mchangani hubeba mchanga, kisha uwachemshe bila chumvi.

Sasa mlango wenyewe. Hapa uswahilini tuna kitu ambacho wafugaji wengi hawakitumii: hodi. Paka hajui adabu, lakini anajua sauti gani huleta nini. Chukua kopo lenye dagaa wachache, chagua kigoda kilicho mbali na mlango, hatua tano au zaidi. Mlango ukiwa umefungwa, mtu aseme "Hodi!" na kugonga, na papo hapo aliye ndani atikise kopo na dagaa mmoja atue juu ya kigoda. Rudieni mara tano asubuhi na mara tano jioni. Kwa paka wengi, baada ya wiki moja au mbili hodi humpeleka kwenye kigoda kabla hujatikisa kopo. Hapo ndipo mlango ufunguliwe kweli, tena kidogo kidogo.

Kosa linaloharibu zoezi hili ni kutikisa kopo paka akiwa tayari amejibana mlangoni. Anajifunza kwamba kukaa mlangoni ndiko kunakolipa. Kosa la pili ni kumsalimia na kumbeba pale pale unapoingia; mpite kama humwoni, msalimiane kwenye kigoda. Kumwagia maji ni bure kabisa. Anachojifunza ni kukuogopa wewe uingiaye, na usipokuwepo anatoka vilevile. Wenye geti la nondo barazani wamebarikiwa: lifungwe kwanza, ndipo mlango wa ndani ufunguliwe. Hakikisha tu lina waya meshi sehemu ya chini, na komeo, kwa sababu upepo wa ziwa husukuma mlango usiokazwa.

Hayo yote yanashindwa kwa paka asiyehasiwa. Siku ndefu za mwanga ndizo huamsha joto (hamu ya kupandwa) la paka jike, na huku mchana una saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hana msimu wa kupumzika. Anaweza kuanza akiwa na miezi minne tu. Asipopata dume, joto hurudi kila baada ya wiki mbili au tatu, naye hulia usiku na kukwaruza mlango. Dume humsikia na kumnusa kutoka mbali. Mpeleke paka kwa daktari wa mifugo ahasiwe akiwa na miezi minne hadi sita. Dume aliyehasiwa leo asiachiliwe kesho, maana anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baadaye. Chanjo ya kichaa cha mbwa ifanywe kuanzia miezi mitatu, hata kama hatoki, kwa kuwa siku moja atatoka.

Madirisha ni kazi ya fundi. Nondo peke yake hazizuii kitu: kichwa kikipita, mwili hupita, kwa kuwa mifupa ya mabega ya paka haijafungwa kama yetu. Wavu wa mbu wa plastiki huchanwa na kucha. Tumia waya meshi wa matundu ya nusu inchi, uubane kati ya fremu na ubao mwembamba kwa skrubu kila sentimita 15. Pini za kushindilia hung'oka akining'inia. Kuna wanaochukua nyavu chakavu za uvuvi kwa kuwa ni rahisi kupata. Za sangara zina matundu ya inchi 6 na kuendelea, paka anapita au ananyongwa. Za dagaa huchanika. Tazama pia pengo kati ya ukuta na bati pasipo na dari. Hapo ndipo hutokea paka ambaye "haijulikani alipitia wapi".

Na akitoka? Usimkimbize. Paka wa ndani aliyetoka mara nyingi hajaenda mbali. Amejibana karibu na kukaa kimya, hata ukimwita. Huku kwetu hiyo ina maana ya nyufa za mawe. Subiri kelele za bodaboda zitulie, saa 4 au 5 usiku, chukua tochi uishike usawa wa jicho lako, umulike nyufa za nyumba tatu nne za jirani, chini kabla ya juu. Macho yake yatarudisha mwanga wa kijani. Ukimwona, chuchumaa, geuza uso pembeni, sema hodi, tikisa kopo.