Isoleta ya kiyoyozi: swichi ya fundi atakayekuja baadaye

Mteja akiona isoleta, yaani swichi ya kukata umeme iliyo karibu na mashine, kwenye orodha ya vifaa, swali huwa lile lile: "Si breka ipo tayari kwenye boksi la meni?" Ipo, na ina kazi yake: kulinda waya usiungue mkondo ukizidi au shoti ikitokea. Isoleta haifanyi lolote kati ya hayo. Imewekwa kwa ajili ya mtu atakayechutama mbele ya yuniti ya nje, afungue bati na kuingiza vidole kwenye terminali, huku ndani ya nyumba kuna mwenzake anayeshangaa kwa nini chumba kimepata joto na ameshaanza kuelekea kwenye boksi la meni kuirudisha breka.

Nikifunga isoleta namfikiria mtu huyo, na karibu kila uamuzi unatokana naye.

Tuanze na mahali. Swichi ionekane kutoka pale anapofanyia kazi, na aifikie bila kuomba ngazi. Kanuni za umeme za Marekani, NEC, kifungu cha 440.14, zinadai mambo hayo hayo mawili, na kuonekana huko kuna kipimo: umbali usizidi futi 50, yaani kama mita 15. Kwangu mita 15 ni mbali mno. Naiweka ukutani, ubavuni mwa mashine, mahali mkono unapofika. Nyuma ya koili, yale mabomba ya mashine yenye mapezi, hapafai. Juu ya bati linalofunguliwa hapafai pia, kwa sababu bati likitoka, swichi itatoka nalo. Kibandiko chenye taarifa za mashine nacho kisizibwe. Yuniti ikiwa imening'inizwa ukutani ghorofani, isoleta iwe upande wa dirisha au roshani. Na inunuliwe yenye tundu la kufuli. Fundi anafunga, ufunguo anautia mfukoni, anafanya kazi akiwa na amani.

Aina ninayofunga ni dabo poli, inayokata moto na nyutro kwa pamoja. Wapo wanaoona kukata moto peke yake kunatosha, na kwenye karatasi kweli kunatosha. Ila huko nyuma ukutani huenda mtu aligeuza nyaya miaka mingi iliyopita, na swichi ya poli moja ikawa inakata nyutro. Mashine inazima, feni inatulia, kila kitu kinaonekana kimekufa, kumbe koili za mota zote zina umeme kamili zikingoja wa kuzigusa. Marekani mjadala huu haupo, kwani kiyoyozi chao cha volti 240 kinalishwa na nyaya mbili na zote ni za moto. Ethi haipitishwi kwenye swichi kamwe. Inaungwa moja kwa moja hadi kwenye mwili wa yuniti.

Ukubwa unasomwa kwenye kibandiko cha mashine. Hapa BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza, huwachanganya watu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaondoa joto la takriban kilowati 3.5, lakini umeme kinaokula ni kilowati moja na ushee, yaani ampia kama 5 kwenye volti 230. Cha BTU 24,000 ni ampia 10 hadi 12. Kwa hiyo isoleta ya ampia 20 inatosheleza viyoyozi vingi vya nyumbani, mradi iwe imetengenezwa kwa mota: tafuta maandishi AC-23A ubavuni mwake. Kompresa isiyo ya inveta, yaani isiyobadili kasi yake, sekunde ile inapoanza huvuta mkondo mara tano na zaidi ya ule wa kawaida. Ndiyo maana pia napenda breka ya aina C, inayoruka papo hapo kati ya mara 5 na 10 ya ukubwa wake. Aina B huruka kati ya mara 3 na 5, na inaweza kukusumbua kila mashine inapowaka.

Mkondo huo wa kuanzia ndio unaonifanya nisiubanie waya. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 30 kutoka kwenye boksi. Kwenda na kurudi ukinzani wake unakaribia omu 0.45. Kwa ampia 10 unapoteza volti nne na nusu, hakuna anayejali. Kompresa ikidai ampia 50 kuanza, zaidi ya volti 20 zinapotelea njiani, na ni wakati ule ule inapohitaji nguvu kuliko wakati wowote. Mashine kubwa au njia ndefu, weka waya wa milimita za mraba 4.

Kabla ya kugusa chochote, zima breka, ifunge, kisha pima. Namna ya kupima ni hii: gusa kwanza chanzo unachojua kina umeme uone multimita inasoma, pima laini yako, halafu rudi kwenye kile chanzo. Multimita iliyokufa katikati ya kazi nayo husoma sifuri. Ile testa ya kalamu yenye taa ndogo siitegemei kwa jambo hili.

Kuunga kwenyewe ni kazi fupi. Umeme unaingia upande ulioandikwa LINE, unatoka kwa mashine upande wa LOAD, na mtu asisahau kwamba terminali za kuingia zinabaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Chuna ganda kwa urefu wa terminali tu. Likizidi, shaba inabaki uchi. Likipungua, skrubu inabana plastiki badala ya waya. Waya wa nyuzi nyingi uvishwe feruli, kile kibomba kidogo cha chuma kinachozishika nyuzi pamoja. Kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono. Isoleta nyingi zilizoungua nilizozifungua ziliharibika hapo: terminali moja imegeuka rangi ya kahawia, plastiki yake imelegea, na ile ya jirani ni nzima kama ya dukani. Hesabu yake ni rahisi. Mguso uliolegea wenye ukinzani wa omu 0.1 tu, ukipitisha ampia 10, unatoa wati 10 za joto, zote kwenye eneo dogo kuliko ukucha, ndani ya kasha lililozibwa. Breka haioni kitu, maana mkondo haujazidi.

Kasha liwe la IP65, kiwango cha kuzuia vumbi na maji, au zaidi, na waya uingie kwa chini kupitia glandi, ukishuka kidogo kabla ya kupanda ili maji yadondoke pale. Ukitoboa juu, IP65 imebaki kwenye boksi la kifungashio.

Sasa kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Kwenye kiyoyozi cha vipande viwili, tazama umeme unaingilia wapi. Ukiingilia yuniti ya nje, isoleta ya dabo poli inazima mashine nzima, na mambo ni mepesi. Lakini mashine nyingi ndogo hulishwa kupitia yuniti ya ndani, kisha kebo moja inakwenda nje ikiwa na moto, nyutro, ethi na waya wa mawasiliano. Ukiweka dabo poli kwenye kebo hiyo na ule wa mawasiliano ukauunganisha tu pembeni, umeacha mlango wazi. Kwenye modeli nyingi waya huo haujatengwa na umeme mkuu, na yuniti ya ndani ikiwa bado imewashwa unaweza kubeba volti za kumdhuru mtu. Hapo unahitaji isoleta ya poli tatu, ikate na huo, au isoleta iwekwe kabla ya yuniti ya ndani. Ukikata kebo hiyo mashine ikiwa inafanya kazi, yuniti ya ndani itaonyesha kosa la mawasiliano. Sio ubovu.

Hatari nyingine haiko kwenye swichi kabisa. Kapasita hubaki na chaji baada ya kuzima, na kwenye inveta ndiyo mbaya zaidi: volti 230 zikishageuzwa kuwa umeme wa moja kwa moja zinafika kama 325, na modeli nyingine huzipandisha zaidi. Subiri muda ulioandikwa ndani ya kifuniko, kisha pima kwenye kapasita kabla ya kuweka kidole. Taa ya ubao ikizimika usiichukulie kuwa ushahidi.

Kabla ya kuwasha napima insulesheni, yaani kama ganda la nyaya linazuia umeme usivuje, kwa volti 500, mashine ikiwa imefunguliwa nyaya zake, kwa sababu ubao wa inveta hauvumilii kipimo hicho. Chini ya megaomu 1 siwashi. Pia napima kama ethi imefika mpaka kwenye bati la yuniti.

Mfundishe mwenye nyumba azime kwa rimoti kwanza, ndipo isoleta, ili miguso isiliwe na cheche bure. Akishazima asubiri dakika tatu kabla ya kuwasha tena, mgandamizo wa gesi usawazike, la sivyo kompresa isiyo ya inveta itaunguruma bila kuanza.

Na kama ukuta una yuniti mbili, andika namba moja kwenye breka, kwenye isoleta na kwenye mashine yake, kwa rangi isiyofutika na jua. Kisha zima isoleta namba 1 na upime kwenye terminali za yuniti namba 1, kwani nyaya mbili zinazofanana ndani ya bomba moja hubadilishana kirahisi.