Ukiona rangi angani, tafuta jua kwanza

Mtu akinionyesha picha ya rangi angani, simuulizi kama mvua ilinyesha. Namuuliza jua lilikuwa wapi. Nafundisha fizikia ya mwanga, na katika kazi hii nimezoea kuona kila kitu chenye rangi saba kikiitwa upinde wa mvua, hata pale ambapo hakuna tone la mvua. Ukijua rangi zilikaa upande gani wa jua, umbali gani, na nyekundu ilikuwa ndani au nje, unaweza kusema kule juu kuna nini: matone, barafu, au vitone vidogo sana vya wingu.

Upinde wa mvua wenyewe huonekana jua likiwa mgongoni mwako. Mwale huingia kwenye tone na kupinda, huakisiwa na ukuta wa ndani, kisha hupinda tena unapotoka. Kitovu cha upinde kiko pale kivuli cha kichwa chako kinapoelekea, na nyekundu hukaa nje, kama nyuzi 42 kutoka kitovu hicho. Ndiyo maana adhuhuri, jua likishapanda juu ya nyuzi 42, upinde huzama chini ya upeo wa macho na aliyesimama tambarare haoni kitu hata mvua ikinyesha. Mara nyingine upinde wa pili hujitokeza kwenye nyuzi 51 hivi, rangi zikiwa zimegeuka. Tazama anga iliyo katikati ya pinde hizo mbili: ni nyeusi kuliko pande zote, na mimi naipenda nafasi hiyo kuliko rangi zenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi alieleza safari ya mwale kwa kutumia tufe la kioo lililojaa maji. Theodoric wa Freiberg, huko Ujerumani, alifikia maelezo hayo hayo karibu wakati uleule bila wao kujuana.

Sasa geukia upande wa jua, lakini lifiche kwanza nyuma ya ukuta au shina la mti. Usilitazame jua lenyewe. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi kulinda macho.

Pete kubwa inayolizunguka jua ni kazi ya barafu. Mawingu membamba ya juu sana yana baridi kali hata nchi zenye joto, na fuwele zake zina pande sita. Mwanga ukipita ndani ya fuwele hizo hupinda na kufanya pete yenye nusu kipenyo cha nyuzi 22. Nyoosha mkono, tanua vidole: shibiri yako inakaribia kipimo hicho. Hapa nyekundu iko ndani, karibu na jua.

Linaloshangaza watu zaidi ni mkanda mpana wa rangi kali uliolala karibu sambamba na upeo wa macho, chini kabisa ya jua. Huo unahitaji fuwele bapa zinazoelea zikiwa zimelala. Mwanga huingia ubavuni na kutokea upande wa chini. Isitoshe, jua lazima liwe juu ya nyuzi 58. Karibu na ikweta jua hufika huko siku nyingi za mwaka. London hufika majira ya kiangazi tu. Jua likiwa chini ya nyuzi 32, fuwele hizohizo zinaweza kuchora tao dogo karibu na utosi wa anga, limepinda kinyume cha upinde wa mvua. Wachache hulikuta, kwa kuwa wachache huinua shingo kiasi hicho.

Kuna pia mawingu yenye mabaka ya waridi na kijani yasiyo na umbo, karibu na jua. Hapo vitone vya maji ni vidogo, mikromita 10 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na vinakaribiana ukubwa; mawimbi ya mwanga hupinda yakivizunguka, kisha huimarishana au kufutana. Vikitanda sawasawa mbele ya mwezi hufanya duara dogo lenye ukingo mwekundu kwa nje, kinyume cha pete ya barafu. Vitone vikiwa vidogo zaidi, duara hupanuka.

Huko kufutana kwa mawimbi utakuona chini pia, kwenye mafuta yaliyotanda juu ya maji barabarani na kwenye povu la sabuni. Mwanga huakisiwa na uso wa juu na wa chini wa utando, na unene wake ndio unaochagua rangi. Angalia povu linalokaribia kupasuka: sehemu ya juu huwa nyeusi. Utando umekuwa mwembamba kiasi kwamba miale hiyo miwili inafutana kwa rangi zote.

Diski za CD na DVD hazina utando wala tone. Rangi zake zinatoka kwenye mistari iliyopangana: mikromita 1.6 kati ya mistari kwenye CD, 0.74 kwenye DVD, na mistari ikikaribiana rangi hutawanyika kwa upana zaidi. Zishike zote mbili juani uone tofauti, kisha uzipeleke chini ya taa ya tyubu ya fluoresenti (si ya LED): rangi zitakatika vipande vipande, kwa sababu taa hiyo haitoi rangi zote kwa mfululizo kama jua.