Chuma Kidogo Kinachotenganisha Bunduki ya Raia na ya Askari

Kwenye meza ya darasa letu la udhibiti wa silaha kuna SMG moja kuukuu, yaani bunduki ya kijeshi ya aina ya AK-47, ambayo mtutu wake umechomelewa ili isifyatue tena. Kila anapokuja mgeni, awe mwandishi wa habari au mwanafunzi wa sheria, humwomba ashushe wenzo wa chuma ulio upande wa kulia. Ukiwa juu kabisa, bunduki imefungwa. Ukishuka hatua moja, iko kwenye rashasha: ukibana kifyatulio, risasi zinamwagika mpaka uachie au magazini iishe. Ukishuka hatua ya pili, kila ukibana inatoka risasi moja tu. Kisha nafungua mfuniko wa juu na kumwonyesha vipande vya chuma vinavyoleta tofauti hiyo. Vinaenea kwenye kiganja cha mtoto.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa Wamarekani kuhusu raia kumiliki bunduki unafuatiliwa sana huku kwetu, vijiweni na kwenye simu, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: inakuwaje raia auziwe dukani silaha ya kivita?

Bunduki inayobishaniwa zaidi ni AR-15. Ilibuniwa na Eugene Stoner na wenzake katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, na herufi hizo mbili zimetokana na jina la kampuni. Jeshi la Marekani liliichukua, likaiita M16, likaenda nayo Vietnam. Ya raia na ya askari zimefanana kama mapacha. Ila ya raia haina vile vyuma vya rashasha: kila risasi ikitoka, nyundo ya ndani inanaswa na kishikizo, nayo haiachiwi mpaka kidole kilegee na kubana upya. Hiyo ndiyo nusu-otomatiki, na hapo ndipo sheria ya Marekani imechora mstari wake.

Mstari huo ni wa zamani. Mwaka 1934, baada ya miaka ya majambazi waliokuwa wakimiminiana risasi mitaani kwa bunduki za Thompson, Bunge la Marekani liliagiza kila rashasha isajiliwe na kutozwa kodi ya dola 200 inapohama mkono. Wakati ule kodi hiyo ilikaribia bei ya bunduki yenyewe. Mwaka 1986 wakaenda mbali zaidi: rashasha yoyote ambayo haikuwa imesajiliwa kabla ya tarehe 19 Mei mwaka huo, raia haruhusiwi kuimiliki. Zilizobaki sasa zinauzwa makumi ya maelfu ya dola.

Sheria ya 1994 ilifuata njia nyingine, na kwa maoni yangu hapo walikosea. Pamoja na kuzuia magazini mpya za zaidi ya risasi 10, ilitaja baadhi ya bunduki kwa majina na nyingine ikazitambua kwa viungo: kitako kinachokunjwa, mshikio kama wa bastola, mahali pa kufungia singe, kile kisu cha mtutuni. Bunduki yenye viungo viwili vya aina hiyo ilipigwa marufuku. Viwanda viliondoa singe, vikabadilisha kitako, vikaendelea kuuza. Mtambo wa ndani ulikuwa uleule na risasi ilitoka kwa kasi ileile. Mwaka 2004 muda wa sheria hiyo ukaisha, haikuongezwa.

Na kasi ndiyo inayoua. Risasi ya bastola ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa takriban mita 350 hadi 400 kwa sekunde. Ya AR-15 hupita mita 900. Ya bastola mara nyingi hutoboa njia yake na kuharibu ilichokigusa. Ya kasi kubwa husukuma nyama pembeni kwa nguvu, kiasi kwamba ini laweza kuchanika hata pale ambapo chuma chenyewe hakikupita. Daktari wa upasuaji anakuta uharibifu mpana kuliko tundu analoliona juu ya ngozi.

Tarehe 1 Oktoba 2017, mjini Las Vegas, mtu mmoja aliushambulia umati uliokuwa kwenye tamasha la muziki kwa risasi zaidi ya 1,000 katika muda wa dakika kumi hivi. Waliokufa walifikia 60. Bunduki zake zilikuwa nusu-otomatiki, ila nyingi zilikuwa na kitako kinachocheza mbele na nyuma, ambacho hutumia teke la bunduki kukigonga kidole haraka mno. Serikali ikakipiga marufuku kwa kukihesabu kuwa rashasha. Juni 2024 Mahakama ya Juu ikaitengua marufuku hiyo, na ndani ya hukumu majaji waliweka michoro ya kifyatulio, hatua kwa hatua, wakisema kila risasi bado inahitaji kifyatulio kisogee upya. Yaani uhai wa watu ulijadiliwa kwa kuangalia mwendo wa kipande cha chuma. Silaumu kuangalia chuma, maana ndiyo kazi yangu. Ninachosema ni kwamba sheria iliyoandikwa kwa kutaja chuma peke yake itazungukwa na chuma kingine. Sasa hivi polisi wa Marekani wanahangaika na swichi ndogo kama sarafu inayobandikwa nyuma ya bastola na kuigeuza rashasha.

Kuna hoja nyingine isemayo kwamba raia awe na bunduki ili aweze kuikabili serikali dhalimu. Inatokana na marekebisho ya pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanayotaja wanamgambo, enzi ambazo askari hodari alifyatua kama mara tatu kwa dakika. Katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2008, iitwayo Heller, iliyothibitisha haki ya mtu mmoja mmoja kumiliki silaha, Jaji Antonin Scalia, aliyeiandika hukumu hiyo, mwenyewe alisema kwamba huenda silaha ndogo, hata ziwe nyingi kiasi gani, hazifui dafu mbele ya ndege za mabomu na vifaru vya leo. Hata hivyo aliona kwamba hilo halibadilishi tafsiri ya haki hiyo.

Wanaotetea umiliki wana neno moja la kweli ambalo lazima lisikilizwe: mauaji mengi ya bunduki Marekani hufanywa kwa bastola. Na mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi nchini humo, zaidi ya nusu yao wakijiua wenyewe. Bunduki ya kivita ndiyo inayotikisa dunia, lakini iliyo kwenye droo ya kitandani ndiyo inayomaliza wengi.

Ukanda wetu umechora mstari mahali pengine. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 inazitaka nchi wanachama kumzuia raia kabisa asimiliki rashasha wala hiyo nusu-otomatiki ya mtutu mrefu. Naunga mkono mstari huo, na sababu yangu ni Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari waliikimbia kambi ya Moroto na ghala likabaki wazi. Wafugaji waliokuwa wakivamiana kwa mikuki wakabeba bunduki za kijeshi, na wizi wa mifugo ukageuka vita vilivyovuka mpaka hadi Turkana na Pokot, upande wa Kenya. Hakuna duka lililouza bunduki zile. Zilitoka kwenye ghala la serikali, na ndiyo maana itifaki inasisitiza pia kila silaha, hata ya dola, ipigwe alama na kuhifadhiwa salama.

Kwa ndugu zetu walio Marekani kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi: sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa ruhusa chache kama leseni halali ya kuwinda. Ukialikwa kulenga shabaha ukapewa bunduki uishike upigwe picha, tayari unaweza kuhesabiwa kuwa umeimiliki. Na unapofunga mizigo kurudi nyumbani, kagua mifuko ya begi. Risasi moja ya ukumbusho, bila kibali, ni kosa la jinai Tanzania na Kenya.